Dola 499 au dola 749? Linganisha bei ya safari ya meli kabla hujatuma pesa



Wengi wetu meli za kitalii tumeziona tu zikiwa zimetia nanga Mombasa, ndefu kama mtaa mzima, wageni wakishuka na kofia zao kwenda kuona Fort Jesus. Lakini siku hizi tunapata maswali kutoka kwa wateja wanaotaka kuzipanda wao wenyewe pamoja na watoto. Mara nyingi kuna ndugu aliye Marekani au Uingereza ambaye amesema, "Njooni tukutane huku, twende wote."

Swali moja lilitufanya tuandike somo hili. Mama mmoja wa Nakuru, mwenye watoto wawili wa miaka 9 na 5, alialikwa na dadake anayeishi Texas. Wangepanda meli pale Galveston kwa siku saba. Alikuwa na bei mbili mkononi: meli ya kwanza dola 499 kwa mtu, ya pili dola 749. Alishaamua ni ile ya 499. Alikuwa amepiga hesabu ya watu watatu, akapata dola 1,497, yaani kama shilingi 194,610 tukichukua dola moja kwa shilingi 130. Akiba yake ya miaka miwili ilikuwa inatosha, na bado inabaki kidogo. Alichotuuliza ni jinsi ya kulipa tu.

Tukamwomba asubiri kidogo, tupige hesabu pamoja. Na wewe kaa hapa, chukua kalamu.

Bei ya tangazo inamaanisha nini?

Kitu cha kwanza kujua: ile bei kubwa unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, lakini imepangwa kwa watu wazima wawili wanaolala chumba kimoja. Mtu wa tatu na wa nne kwenye chumba hicho hulipa kidogo, na wakati mwingine watoto huwekewa ofa ya kutolipa nauli kabisa.

Hapo ndipo mzazi anayesafiri peke yake na watoto hushtuka. Kwa kampuni nyingi, chumba lazima kilipiwe na watu wawili "kamili". Kama mtu mzima ni wewe peke yako, mtoto wa kwanza anahesabiwa kama mtu mzima wa pili. Ofa ya watoto inaanzia kwa mtoto wa pili.

Na kama familia yako ni ya watu watano au sita, uliza mapema. Vyumba vingi vya kawaida vinabeba watu wanne mwisho. Mkizidi hapo mtahitaji chumba kikubwa cha familia au vyumba viwili, na bei inabadilika kabisa.

Vitu vitano ambavyo tangazo halisemi

1. Kodi na ada za bandari. Kila abiria analipa, hata mtoto mchanga. Hata ile ofa ya "mtoto bure" kwa kawaida haiondoi ada hii.

2. Bakshishi. Kampuni nyingi zinazosafiri kutoka Marekani huweka bakshishi ya wafanyakazi kwenye akaunti yako moja kwa moja, dola 14 hadi 20 hivi kwa kila mtu kwa kila siku. Mtoto naye anahesabiwa. Kwa watu watatu kwa siku saba, hiyo si pesa ya chai.

3. Vinywaji. Maji ya kawaida, chai na kahawa ya kawaida mara nyingi ni bure. Soda, pombe na juisi za baa hulipiwa, isipokuwa kama kifurushi chako kimevijumlisha.

4. Intaneti. Baharini laini yako haitashika, na ikishika mtandao wa meli unaweza kuletewa bili ya kukutoa machozi. Weka simu kwenye hali ya ndege, halafu uamue kama utanunua intaneti ya meli.

5. Matembezi ya bandarini. Meli ikifika mjini, kushuka ni bure. Ukitaka basi, mwongozaji au mashua ya kwenda kuona samaki, unalipa kwa kila kichwa.

Hesabu ya mama wa Nakuru

Hizi ni bei za mfano, lakini zimepangwa jinsi bei halisi hupangwa. Mama mmoja, watoto wawili, siku saba.

*Meli ya kwanza (tangazo: dola 499)*
- Nauli ya mama: 499
- Mtoto wa kwanza, anahesabiwa kama mtu mzima: 499
- Mtoto wa pili: 299
- Kodi na ada za bandari, 130 × 3: 390
- Bakshishi, 17 × 3 × 7: 357
- Intaneti ya simu moja, 20 × 7: 140
- Kifurushi cha soda cha watoto, 11 × 2 × 7: 154
- Tembezi moja la bandarini, 60 × 3: 180
- Jumla: dola 2,518 (shilingi 327,340)

*Meli ya pili (tangazo: dola 749)*
- Nauli ya mama: 749
- Mtoto wa kwanza, kama mtu mzima: 749
- Mtoto wa pili, kwa ofa: 0
- Kodi na ada za bandari: 390
- Bakshishi: 357
- Intaneti ya simu moja: imo ndani
- Soda za watoto: zimo ndani
- Siku ya ufuo kwenye kisiwa cha kampuni, chakula kikiwemo: imo ndani
- Jumla: dola 2,245 (shilingi 291,850)

Umeona? Ile "bei ya chini" imepita ile "bei ya juu" kwa dola 273, yaani shilingi 35,490. Lakini kilichomgusa zaidi mama huyu ni kitu kingine. Alikuwa ametenga shilingi 194,610 kwa safari ambayo ingemla shilingi 327,340. Angelipa amana, kisha aanze kutafuta shilingi 132,730 nyingine hali watoto wameshaambiwa wanaenda.

Jambo lingine: kama baba angekuwepo, kwenye meli ya pili angeongeza ada za bandari dola 130 na bakshishi dola 119 tu, jumla dola 249, kwa sababu nauli mbili kamili zimeshalipwa na watoto wote wawili wangeingia kwenye ofa. Kwa hivyo kama kuna shangazi au nyanya anayeweza kuja na kujilipia, muulize kabla hujalipia chumba. Anaweza kuchukua ile nauli kamili iliyomwangukia mtoto.

Kumbuka matokeo yanaweza kugeuka. Kama watoto wako hawanywi soda, huhitaji intaneti na mtajitembeza wenyewe bandarini, meli ya kwanza inashuka hadi dola 2,044 na kushinda. Ndiyo maana hatukwambii meli gani ni rahisi. Tunakwambia piga hesabu ya familia *yako*.

Kampuni kubwa zinatofautianaje?

Karibu zote zinajumlisha chumba, chakula cha mkahawa mkuu na bufee, maonyesho ya jioni, mabwawa ya kuogelea na klabu ya watoto. Tofauti iko hapa:

Carnival. Ni ya Marekani, ilianza 1972, na inajulikana kwa bei za chini na kuondokea bandari nyingi, Galveston ikiwemo. Klabu ya watoto inaanzia miaka 2. Soda hulipiwa kando. Kwenye Mardi Gras kuna gari la reli la kukimbia kwa kasi juu ya sitaha, watoto watalipenda, lakini kila mzunguko unalipiwa.

Royal Caribbean. Hawa ndio wenye meli kubwa zaidi. Icon of the Seas, iliyoanza safari kutoka Miami Januari 2024, inaweza kubeba zaidi ya abiria 7,000 na ina mabwawa saba na mitelezo sita ya maji. Michezo mingi imo kwenye nauli. Kwenye kisiwa chao cha CocoCay ufuo na chakula cha kawaida ni bure, lakini bustani ya mitelezo ya maji inalipiwa. Meli zao za zamani ni nafuu kuliko hizi mpya, kwa hivyo usilinganishe jina la kampuni tu, linganisha meli kwa meli.

MSC. Makao yake ni Geneva, Uswizi, na ina nguvu sana Mediterania. Mara nyingi huweka ofa ambapo watoto wanaolala chumba kimoja na watu wazima wawili hulipa ada za bandari tu. Soma vizuri nauli ya msingi imebeba nini. Bei ya chini mara nyingi ina maana vinywaji na intaneti ni juu yako.

Disney. Ilianza safari 1998 na kwa kawaida ndiyo ghali kuliko hizi nyingine. Soda za mezani na za kwenye mashine zimo ndani, hakuna kasino, na maonyesho yamewekwa kwa ajili ya watoto. Klabu inaanzia miaka 3, lakini kulelewa kwa mtoto mchanga kunalipiwa kwa saa. Inafaa kama watoto wako wanawajua wahusika wake. Kama hawawajui, unalipia jina.

Ukiwa na mtoto mchanga: kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi 6, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kubwa huwa ni miezi 12.

Viza kwanza, amana baadaye

Ada ya kuomba viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 kwa kila mtu, na hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa watu watatu ni dola 555, yaani shilingi 72,150. Kwa kuwa meli inatoka Marekani, inaenda nchi nyingine na kurudi, unahitaji viza inayokuruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Na kama unasafiri na watoto bila mzazi mwenzako, beba vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya idhini.

Ukijumlisha viza na meli ya pili unapata shilingi 364,000. Tiketi za ndege ni bajeti yake yenyewe. Mama wetu alipoona hivyo alisogeza safari mbele. Akiba aliyonayo ataigeuza kuwa ya tiketi, na hizi 364,000 ataziweka kwa miezi 20, shilingi 18,200 kila mwezi, kwenye akiba ya lengo ambayo hawezi kuigusa akikasirika au akifurahi.

Kama viza ya Marekani inakutisha, fikiria Durban. Tangu Januari 2023, Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Kwa misimu kadhaa MSC imekuwa ikiweka meli Durban wakati wa kiangazi chao, na kuna safari fupi za siku tatu au nne hadi pwani ya Msumbiji. Angalia ratiba ya msimu husika na uulize masharti ya kila nchi meli inakotia nanga.

Kulipa bila kuumia

- Panga malipo mapema. Amana hutangulia, na salio hudaiwa kama siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Kwa pesa ya simu Kenya, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku hauzidi 500,000. Usingoje siku ya mwisho.
- Angalia kiwango cha dola. Ukilipa kwa kadi, unachokatwa ni kiwango cha kadi siku hiyo. Weka akiba ya ziada kidogo.
- Kadi ya akaunti ya melini. Meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kwa ajili ya matumizi. Kadi ya mtandaoni yenye salio dogo inaweza kukataliwa. Uliza kama unaweza kuweka pesa taslimu kaunta.
- Ajenti awe na leseni. Hapa Kenya maajenti wa safari hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Omba kuiona. Jina linalotokea unapolipa kwenye paybill au till liwe la kampuni. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo.
- "Umeshinda safari ya meli, tuma ada ya usajili." Hujashinda. Futa, na usimpe mtu PIN yako.

Kabla hujatuma hata shilingi moja, mwombe ajenti akuandikie jumla ya mwisho ya familia yote, na kila kitu kilichomo. Gawanya jumla hiyo kwa idadi ya watu, kisha kwa idadi ya siku. Kwa mama wa Nakuru ilikuwa kama dola 120 kwa mtu kwa siku upande mmoja, na dola 107 upande wa pili. Nambari hiyo moja ndiyo ya kulinganisha.

Ndugu akikwambia "ni 499 tu", mjibu kwa upole: "Nitumie jumla." Safari njema, na akiba njema zaidi.