Somo la Kutunza Mbuzi Katika Nchi ya Mvua

Ninyi wenye mbuzi katika Wamaza, na Kasongo yote na Kabambare, sikilizeni. Mbuzi ni akiba ya nyumba. Mtoto akidaiwa karo, mgonjwa akipelekwa hospitali, kijana akitaka kuoa, mbuzi ndiye auzwaye. Lakini akiba hii ina uhai, isipotunzwa hufa. Na mbuzi wengi hufa kwa mambo ambayo mwenyewe aweza kuyazuia: unyevu wa mahali wanapolala, minyoo, na ugonjwa uingiao pamoja na mbuzi mgeni.

1. Banda.
Katika Maniema ya kusini mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei. Muda huo wote mbuzi asiye na banda jema hulala katika tope na mavi yake. Kwato zake huoza, na kifua chake huugua. Basi jenga banda lililoinuliwa. Simika nguzo za mti mgumu, na sakafu iwe juu ya ardhi kadiri ya mita 1. Itengeneze kwa fito au mianzi. Kati ya ufito na ufito acha nafasi ya sentimita 1 na nusu tu: mavi yataanguka chini, na mguu wa mwana-mbuzi hautanasa. Kila mbuzi mkubwa apate nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Ezeka paa lisivuje, na funga mlango kila jioni kwa ajili ya wezi na wanyama wa mwitu. Fagia chini ya banda kila juma. Mavi yale usiyatupe. Ni mbolea ya shamba lako.

2. Malisho.
Usiwafungulie mbuzi alfajiri. Ngoja umande ukauke, maana watoto wa minyoo hupanda juu ya majani mabichi yenye maji, na mbuzi huwameza. Maganda ya muhogo ni chakula chema, lakini maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu iuayo upesi. Yaanike juani siku kadha wa kadha mpaka yakauke kabisa. Wape maji safi kila siku, na chumvi kidogo.

Kila mwezi funua kope la jicho la mbuzi. Ukiona ndani ni pekundu, ni vema. Ukiona ni peupe, na chini ya taya pamevimba, minyoo inamnyonya damu. Mwulize mganga wa mifugo dawa na kipimo chake.

3. Mbuzi mgeni.
Ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mbuzi hupata homa, macho na pua hutoa usaha, kinywa huwa na vidonda, kisha huharisha na kukohoa. Wengi hufa kwa siku chache. Mwaka 2012 ugonjwa huu uliua mbuzi wengi sana katika Kongo. Dawa ya kuuponya hakuna, ila iko chanjo, nayo sindano moja humkinga mbuzi miaka 3 au zaidi. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani, na chanjo ilisaidia sana. Kwa hiyo mwaka 2015, huko Abidjan, mataifa yaliazimia kuimaliza na hii ya mbuzi kabla ya mwaka 2030 kwisha.

Ukinunua mbuzi sokoni, usimwingize kati ya wenzake siku ile ile. Mweke mbali, peke yake, siku 21, na chombo chake cha maji. Wahudumie kwanza wazima, ndipo umwendee mgeni. Mbuzi wa bei rahisi aliyeleta ugonjwa ni ghali kuliko wote.

Mbuzi akiugua namna hiyo, usimwuze upesi ili upate fedha. Utapeleka kifo katika nyumba ya jirani, nacho kitarudi kwako kwa njia ya malisho. Mtenge, kisha mwarifu mganga wa mifugo na mkubwa wa kijiji.

Maswali.
1. Kwa nini sakafu ya banda huinuliwa?
2. Kwa nini mbuzi hawafunguliwi alfajiri?
3. Mbuzi aliyenunuliwa leo atakaa peke yake siku ngapi, na kwa sababu gani?