Kupanda Mwaridi kwa Mbegu

Wako watu wadhanio kuwa mwaridi hauna mbegu, kwa kuwa wamezoea kuuona ukipandwa kwa vijiti tu. Mbegu unazo. Ua lililochavushwa, lisipokatwa, huacha tunda dogo la mviringo, ambalo baada ya miezi kama minne hugeuka rangi ya machungwa au nyekundu. Ndani yake mna mbegu ngumu.

Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nilizifukia mbegu chunguni siku ile ile nilipozitoa. Nikazinywesha miezi miwili, hapakuota kitu, nikaumwaga udongo nyuma ya nyumba. Kwetu ni milimani. Majira ya baridi yalipopita nikakuta pale miche mitatu. Sababu yake ni hii: miwaridi mingi asili yake ni nchi zenye baridi kali, na mbegu zake hukataa kuota mpaka baridi ipite, mche mchanga usije ukafa.

Basi hapana budi tuzipe baridi hiyo. Lipasue tunda, uzioshe mbegu mpaka nyama yote itoke, maana nayo huzuia kuota. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzitie ndani ya mfuko, ukaziweke katika friji penye baridi ya digrii 4 au 5, wala si penye barafu, kwa majuma 6 hadi 12. Asiye na friji na amwombe mwenye duka la soda. Ile ya zahanati ni ya chanjo, isiguswe.

Kisha zipande katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, kina cha sentimeta 1. Zitaota moja moja, nyingine baada ya miezi, na nyingi hazitaota kabisa. Majani mawili ya kwanza hayafanani na ya mwaridi. Usiyang'oe ukidhani ni magugu. Adui mkubwa ni ukungu uozeshao shina penye udongo, mche ukalala ghafula kana kwamba umekatwa. Usimwagie maji juu. Weka chungu katika sinia yenye maji, udongo unywe wenyewe, kisha ukiondoe.

Tena mtoto hatafanana na mama, kwani miwaridi ya bustani ni machotara wa machotara. Utakaye ua lile lile la bibi yako, chukua kijiti. Lakini miwaridi mipya hutoka katika mbegu: Francis Meilland wa Ufaransa alichavusha maua mwaka 1935, na mche mmoja katika uzao ule ndio uliopewa jina Peace, yaani Amani, tarehe 29 Aprili 1945. Na wauzao mbegu za waridi la buluu wasikutoe fedha. Mwaridi wa buluu halisi haujapatikana.

Katika miche yangu mitatu, miwili iliozeshwa na ukungu. Wa tatu ulitoa ua jeupe la petali tano, hali mama yake ni mwekundu wa petali nyingi.