Tuijue Dunia Yetu: Mawe, Madini na Maji ya Mtungini

Somo letu la leo linahusu dunia hii tunayoikanyaga kila siku. Tutaanzia mbali, huko kwenye jua na sayari. Kisha tutashuka kwenye mawe na madini, na mwisho tutafika nyumbani, kwenye maji ya mtungini. Safari ni ndefu kidogo, lakini msichoke njiani, maana mwisho wake unahusu meno ya watoto wetu na mifupa yetu wenyewe.

KWA NINI DUNIA INA UHAI?

Jua ni kama moto wa jikoni. Akaaye karibu mno huungua, akaaye mbali mno hutetemeka kwa baridi. Dunia yetu iko kama kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Mahali hapo maji yanaweza kukaa yakiwa maji, si mvuke mtupu wala barafu tupu. Sayari ya Zuhura, jirani yetu wa upande wa jua, ina joto linalozidi nyuzi 450 za sentigredi. Joto hilo linatosha kuyeyusha risasi. Sayari ya Mirihi, jirani wa upande wa pili, ina baridi kali na hewa nyembamba sana.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Hebu tuutazame mwezi. Uko karibu umbali uleule na sisi kutoka kwenye jua, lakini hauna hewa ya kuvuta, wala mto, wala ziwa. Sababu ni udogo wake. Nguvu yake ya kuvuta vitu ni ndogo, haiwezi kuishika hewa isitoroke. Dunia ni kubwa ya kutosha, nayo imeishika hewa yake. Hewa hiyo ni blanketi letu, hutuhifadhia joto wakati wa usiku. Zuhura nayo imejifunika blanketi zito kupita kiasi, ndiyo maana inaungua vile.

Basi tukumbuke mambo matatu: umbali unaofaa, hewa ya kutosha, na maji. Maji yamefunika karibu sehemu 7 kati ya 10 za uso wa dunia. Lakini si yote ya kunywa. Katika kila lita 100 za maji ya duniani, zisizo na chumvi hazifiki lita 3, na nyingi katika hizo ni barafu. Yanayobaki kwa mito, maziwa na visima ni machache mno.

DUNIA NI KAMA YAI

Tukipasua yai la kuchemsha, tunaona ganda, ute mweupe na kiini. Dunia nayo ina tabaka tatu kubwa. Juu kabisa ni ganda. Chini ya nchi kavu, unene wake sehemu nyingi ni kilomita 30 hadi 50. Chini ya ganda iko tabaka nene ya mawe yenye joto kali. Katikati kabisa kipo kiini cha chuma, na sehemu ya nje ya kiini hicho ni chuma kilichoyeyuka. Kutoka hapa tulipo mpaka katikati ni karibu kilomita 6,400.

Binadamu hajafika huko. Shimo refu kuliko yote kwenda chini lilichimbwa Kola, nchini Urusi. Mwaka 1989 lilifika kilomita 12 na kidogo, likakomea hapo. Hata ganda halikutoboka!

Wataalamu wamejuaje basi habari za ndani? Wanapima jinsi mitetemeko ya ardhi inavyosafiri ndani ya dunia, kama vile mnunuzi agongavyo chungu sokoni asikie kama ni kizima au kina ufa.

MWAMBA NA MADINI SI KITU KIMOJA

Wengi tukisikia neno "madini" tunafikiri dhahabu na almasi tu. Kumbe chumvi ni madini, na hata mchanga mweupe wa mtoni ni madini. Mwamba ni kama kande. Ndani ya sufuria moja yamo mahindi na yamo maharage. Kande ndiyo mwamba, na mahindi na maharage ndiyo madini.

Okota jiwe la matale, lile gumu lenye madoadoa, ulitazame juani. Utaona punje zinazong'aa kama kioo. Hizo huitwa kwatzi. Utaona punje nyingine za rangi nyeupe au ya waridi. Tena utaona vipande vyembamba vinavyometameta; huo ni ulanga. Jiwe ni moja, madini ni zaidi ya matatu.

AINA TATU ZA MIAMBA

Aina ya kwanza ni miamba ya moto. Hii ilitokana na mawe yaliyoyeyuka chini, kisha yakapoa. Mengine yalimwagika juu kwa njia ya volkano. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ulijengwa hivyo, na Mlima Meru vilevile. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ungali hai. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kutupa majivu mengi. Mawe mengine yalipoa polepole yakiwa bado chini ya ardhi. Hayo ndiyo matale, kama yale mawe makubwa yaliyobebana pale Mwanza.

Aina ya pili ni miamba ya mashapo. Mchanga, tope na mabaki ya viumbe hujipanga tabaka juu ya tabaka, hushindiliwa kwa muda mrefu, hata yakawa jiwe. Mapango ya Amboni, Tanga, yamo katika mwamba wa chokaa wa namna hii. Kule Minjingu, mkoani Manyara, kuna mwamba wa fosfeti uliotokana na vinyesi na mifupa ya ndege walioishi kando ya ziwa la kale. Leo wakulima wanautumia kama mbolea.

Aina ya tatu ni miamba iliyogeuzwa. Mfinyanzi huchukua udongo laini, akauchoma, ukawa chungu. Udongo ni uleule, lakini si ule tena. Hivyo hivyo joto na shinikizo la chini hugeuza mwamba mmoja kuwa mwingine. Chokaa hugeuka marumaru. Tanzanaiti ya Merelani, iliyojulikana mwaka 1967, hupatikana katika miamba iliyogeuzwa namna hii.

JIWE HUINGIA MAJINI

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Mvua ikinyesha, maji mengine huzama ardhini. Hupita katika nyufa za miamba, polepole, pengine miaka mingi, mpaka yakatokea kwenye chemchemi au kisimani. Njiani huyeyusha madini kidogo kidogo. Ni kama chai. Maji yakipita kwenye majani ya chai, huchukua rangi na ladha. Maji yakipita kwenye mwamba nayo huchukua kitu. Tofauti ni kwamba mara nyingi kitu hicho hakina rangi wala harufu, wala ulimi hauwezi kukitambua.

Madini mengi ya namna hii hayana ubaya, na mengine mwili unayahitaji. Lakini moja linatupasa kulijua kwa jina: floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi. Kwa sababu hiyo visima, chemchemi na mito mingi ya kuzunguka Mlima Meru ina floraidi kupita kiasi, na mto uitwao Maji ya Chai ni mmojawapo. Si huko Arusha tu. Sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga zina tatizo hilo pia, maana hata matale yanaweza kuwa na floraidi.

Floraidi kidogo huyasaidia meno yasitoboke. Ikizidi, huharibu. Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa mpaka miaka kama 8, wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Akisugua asubuhi na jioni, hayatoki. Huo si uchafu wala uvivu, na si haki mtoto huyo kuchekwa darasani au kukaripiwa nyumbani. Maji yenye floraidi nyingi sana yakinywewa miaka mingi, hufika hata kwenye mifupa. Mgongo hukakamaa, viungo huuma, na miguu ya watoto huweza kupinda. Mguu ukishapinda, dawa ya kunywa haiunyoshi. Kwa hiyo kinga ndiyo dawa.

TUFANYE HESABU

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Miligramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara 1,000. Ni kidogo sana. Ndoo yetu ina lita 20. Basi ndoo nzima isizidi miligramu 1.5 x 20 = 30.

Tuseme kisima fulani kimepimwa kikaonekana kina miligramu 6 kwa lita. Ndoo yake itakuwa na 6 x 20 = 120. Ukigawa 120 kwa 30 unapata 4. Yaani mtoto anayekunywa kikombe kimoja cha maji hayo, ni kama amekunywa vikombe vinne vya maji yaliyofika ukomo. Na macho hayakuona kitu.

KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wazee wetu walifundishana habari za vyoo, usafi na maji safi. Mafunzo hayo bado ni ya kweli. Maji yachemshwe, kwa sababu moto huua vijidudu. Lakini floraidi si kijidudu, ni sehemu ya jiwe. Haifi kwa moto. Tena ukichemsha sana, maji hupungua na floraidi hubaki palepale, ikawa nyingi zaidi katika maji yaliyosalia.

Tufanye nini basi?

1. Tupime kabla ya kusherehekea. Kijiji kikitaka kisima, kiombe maji yapimwe floraidi, si vijidudu tu. Wataalamu wapo katika maabara za maji za serikali, na kwa vijijini tuwaone RUWASA, wakala wa maji ulioanzishwa mwaka 2019. Maji ya kupima huwekwa katika chupa safi ya plastiki, juu yake yakaandikwa jina la kijiji, la kisima, na tarehe. Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi! Tena tudai jibu kwa maandishi, lisomwe mkutanoni.

2. Tukinge mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni kidogo sana. Mvua ya kwanza iachwe isafishe bati, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe.

3. Maji mazuri yakiwa machache, watoto wadogo watangulie. Yawe ya kunywa na kupikia. Kufua na kuosha tutumie yale mengine.

4. Tuangalie magadi. Magadi ya kulainishia kande na maharage, hasa yatokayo Ziwa Natron, huweza kuwa na floraidi nyingi. Afadhali kuloweka maharage usiku kucha.

5. Tuulize habari za chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu. Msijichomee ovyo nyumbani, maana mifupa isiyoiva vizuri huharibu harufu na ladha ya maji. Wala mkaa wa kuni haufai kwa kazi hii. Tena chujio huchoka. Lazima mkaa wake ubadilishwe kwa wakati.

Ndugu wasomaji, mwamba hatuwezi kuuhamisha. Ulikuwapo kabla yetu na utabaki. Lakini kisima tunaweza kukipima, na chanzo tunaweza kukichagua. Kijiji kinachojua jiwe lake hakinywi kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwezi uko karibu umbali uleule na dunia kutoka kwenye jua. Kwa nini hauna mito?
2. Tafuteni mawe matatu kijijini mwenu. Lipi ni la moto, lipi la mashapo, lipi limegeuzwa? Mmejuaje?
3. Kisima kina miligramu 3 za floraidi kwa lita. Ndoo ya lita 20 ina miligramu ngapi? Ni mara ngapi ya kiwango kinachoshauriwa?
4. Jirani anasema, "Sisi maji yetu ni meupe kabisa, tena tunachemsha." Mtamjibu nini?
5. Je, maji ya kijiji chenu yamekwisha kupimwa floraidi? Jibu liko wapi, na nani amelisoma? Kama halipo, andikeni barua ya kuomba kipimo, na wote mliosoma somo hili mtie sahihi.