Soketi ya Mtandao Haiwaki? Anzia Kwenye Kabati

Ofisi ikihamia kwenye ghorofa ya kupanga, mara nyingi hukuta soketi za mtandao ziko ukutani tayari, mbilimbili karibu na kila meza. Mfanyakazi anachomeka kompyuta, taa haiwaki, na lawama zote zinamwendea mtoa huduma ya intaneti. Kumbe soketi ni nzima. Waya wake haujaunganishwa na kitu chochote upande wa pili.

Soketi ya ukutani haina umeme wake wala intaneti yake. Nyuma yake kuna kebo yenye nyaya nane, zilizosokotwa katika jozi nne, inayopita ukutani au juu ya dari hadi kwenye kabati la vifaa. Huko inaishia kwenye pachi paneli, ambayo nayo ni safu ya matundu tu, haichomekwi kwenye umeme. Soketi inaanza kufanya kazi pale waya mfupi unapotoka kwenye tundu lake la pachi paneli na kuingia kwenye swichi ya mtandao. Kwa hiyo soketi ikikataa, fungua kabati kwanza: tafuta tundu lenye namba ile ile, uone kama lina waya na kama taa ya swichi inawaka.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba soketi ile ile inaweza kuwa ya simu leo na ya kompyuta kesho. Ukipeleka waya mfupi kwenye mtambo wa simu za ndani, soketi inabeba sauti. Ukiupeleka kwenye swichi, inabeba data. Ila simu za zamani za waya zina volti takriban 48 wakati wote, na simu inapoita umeme huo hupanda hadi karibu volti 90. Soketi ya namna hiyo iandikwe wazi kuwa ni ya simu, maana kompyuta ikichomekwa humo inaweza kuharibika.

Simu za kisasa za ofisini hutumia mtandao ule ule wa kompyuta. Nyingi zina matundu mawili nyuma: moja la kwenda ukutani, jingine la kuunganisha kompyuta, hivyo soketi moja inatosha meza nzima. Angalia tu mtu asichomeke matundu yote mawili ukutani. Data itaanza kuzunguka bila kikomo, na kama swichi haina kinga, ofisi nzima itakosa mtandao. Swichi inayosimamiwa humruhusu fundi kuzitenga simu katika mtandao wao pepe na kuzipa kipaumbele, ili sauti isikatike-katike mtu anapopakua faili kubwa.

Sasa umeme. Simu hizi hazihitaji chaja iwapo swichi ni ya PoE, yaani inayotuma umeme kwenye kebo ile ile ya data. Kiwango cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, 802.3at cha mwaka 2009 hutoa 30, na 802.3bt cha mwaka 2018 hufika 90. Simu ya kawaida inatosheka na kiwango cha kwanza. Kamera zinazozunguka na vifaa vikubwa vya Wi-Fi ndivyo huhitaji zaidi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Swichi ya matundu 24 haina maana kwamba inaweza kulisha matundu yote 24 kwa nguvu kamili. Matundu hayo yakitumia wati 15.4 kila moja, zinahitajika karibu wati 370, na swichi nyingi za bei nafuu hazifiki hapo. Soma jumla ya wati za PoE kwenye maelezo yake, kisha jumlisha mahitaji ya vifaa vyako kabla ya kulipa.

Swichi inayofuata viwango hivyo hupima kwanza kama kifaa kinahitaji umeme, kwa hiyo kompyuta haidhuriki. Lakini vipo visambaza umeme, hasa vya antena za Wi-Fi za nje, ambavyo humwaga volti 24 au 48 bila kupima chochote. Usiviunganishe na soketi za meza.

Simu ya zamani iliendelea kulia umeme ulipokatika, kwa sababu ililishwa na kituo cha simu. Simu ya mtandao huzima pamoja na swichi. Kwa miji yetu inayokatikiwa umeme mara kwa mara, UPS kwenye kabati si anasa, na ibebe swichi, rauta na kifaa cha mtoa huduma kwa pamoja. Ukiacha kimoja nje, umepoteza fedha yako.

Kuhusu kebo, nunua ya shaba tupu, Cat6 ukiweza. Madukani zimejaa kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni rahisi, lakini hupata joto zikibeba umeme wa PoE na hukatika upesi. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Urefu wote, pamoja na nyaya fupi za ncha zote mbili, usizidi mita 100. Rangi zipangwe kwa mpangilio mmoja pande zote, T568A au T568B. Kinacholeta matatizo ni kuchanganya. Tena kebo isilazwe sambamba na nyaya za umeme ndani ya bomba moja.

Usimalizie malipo ya fundi kabla hajapima kila soketi mbele yako kwa testa, akabandika namba zinazofanana ukutani na kwenye pachi paneli, na kukuachia mchoro wake ndani ya kabati.