Deni la Nyumba na Watoto Wadogo

Somo kwa wazazi



Mwezi huu tumeombwa kuandika somo kwa ajili ya wazazi vijana. Tumechagua jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni deni. Hatusemi juu ya deni la nusu kilo ya sukari linalolipwa Jumamosi. Twasema juu ya deni kubwa, linalozidi mshahara au mavuno ya mwaka mzima, wakati nyumbani mna watoto wadogo wasioweza kungoja. Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, nasi twakubali. Lakini mgonjwa hawezi kutibiwa kama hataki kutaja ugonjwa wake. Hilo ndilo jambo moja tunaloomba msomaji alishike: deni linalofichwa nyumbani halilipiki.

1. Yaliyotupata sisi

Sisi tulikuwa walimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mume na mke, wenye watoto wanne. Mwaka 1992 mtoto wa kwanza alikuwa na miaka 9, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Deni letu halikuja kwa ulevi wala kwa anasa. Lilianza kwa mabati ya nyumba. Likaongezeka kwa matanga ya baba wa mmoja wetu. Kisha mtoto wa tatu akalazwa wiki tatu. Mishahara nayo ilikuwa ikichelewa, nasi tukawa tunakopa ili kungojea mshahara, na ulipofika ulikuwa umekwisha kuliwa.

Jambo baya zaidi ni kwamba tulifichana. Mmoja wetu alikuwa na deni kwa mtu wa riba, na mwenzake hakulijua. Yule mwingine alikuwa na daftari katika duka la pili, nalo pia lilikuwa siri. Kila mwisho wa mwezi mtu wa riba alisimama karibu na dirisha la mshahara, akachukua chake kabla hatujavuka barabara. Tulipofika nyumbani tulidanganyana kwamba makato yameongezeka.

Siku moja mwenye duka alimrudisha mtoto wetu wa kwanza bila sabuni, akamwambia mbele ya watu kwamba wazazi wake hawalipi. Mtoto hakulia. Usiku alituuliza tu, "Mama, sisi tunadaiwa shilingi ngapi?" Hatukuweza kumjibu, maana hapakuwa na aliyejua. Watoto walipolala tuliwasha koroboi, tukachukua daftari la mazoezi, tukaanza kutaja deni moja moja. Palikuwa na maneno makali usiku ule, tena na machozi. Tulipojumlisha tulikuta madeni saba, na jumla yake ilikuwa sawa na mishahara yetu sote wawili ya miezi 14. Tuliyamaliza mwaka 1997.

2. Mjane aliyetaka kunyang'anywa wanawe

Tufungue Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7. Tuisome polepole, maana yahusu jambo letu hasa. Mwanamke amefiwa na mumewe, ameachiwa deni, na mwenye kumdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Deni lilikuwa la wazazi, lakini waliotaka kulilipa kwa miili yao ni watoto.

Yatupasa kuona mambo manne katika habari hii.

Kwanza, yule mama alisema. Hakungoja mpaka wanawe wachukuliwe. Alimwendea Elisha akalia mbele yake.

Pili, aliulizwa ana kitu gani nyumbani. Alijibu kama watu wengi tunavyojibu, kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Hata nyumba iliyokwama huwa na kitu kimoja kilichosahauliwa.

Tatu, watoto walishiriki. Majirani waliazima vyombo, na wale wana ndio waliomletea mama yao vyombo huku yeye akimimina. Hawakuambiwa wakacheze nje wakati maisha yao yalikuwa hatarini. Lakini mlango ulifungwa. Majirani walijua kwamba mna shida, wala hawakuhitaji kujua kila kitu.

Nne, kulikuwa na utaratibu: uza mafuta, lipa deni, kisha ishi wewe na wanao kwa kitakachobaki. Wengi wetu hupindua utaratibu huo. Twaanza kuishi, na deni twaliahidi masalio, wakati hakuna masalio.

3. Kuandika deni kama andalio la somo

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiingie darasani bila andalio la somo. Tulilitumia fundisho hilo nyumbani. Tulipiga mistari katika daftari, tukaandika safu nne: jina la anayetudai, kiasi kilichobaki, riba, na siku tuliyoahidi kulipa. Msomaji anaweza kufanya hivyo leo kwa kalamu na karatasi moja.

Kisha tuliyapanga madeni yetu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni deni linalokua, yaani lenye riba. Fungu la pili ni deni lililosimama, kama lile la dukani au la ndugu. Tulikubaliana kwamba nguvu yote iende kwa deni linalokua, na yale yaliyosimama yapate kidogo kidogo kila mwezi bila kukosa. Hapa tuonye. Ndugu aliyekukopesha bila riba asifanywe wa mwisho kabisa kwa sababu ya upole wake. Hata kidogo kinachofika kwa siku iliyoahidiwa hulinda undugu.

Baada ya hapo tulikwenda kwa kila mdai, sisi wawili pamoja. Hilo lilikuwa gumu kuliko kulipa kwenyewe. Mwenye duka alitushangaza. Alisema kwamba miaka yote watu humkimbia, hawamfuati, akakubali tulipe kwa mwaka mmoja na nusu. Mtu wa riba alikataa. Ndipo tulipokwenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, tukapata wadhamini, tukakopa kwa riba ndogo ili kummaliza yeye. Kukopa ili kulipa deni ni jambo la hatari. Lafaa tu ikiwa deni jipya ni la bei nafuu kuliko la zamani, na ikiwa la zamani linafungwa siku hiyohiyo.

4. Hesabu ya riba

Watu wengi huuliza, "Nitarejesha shilingi ngapi kwa mwezi?" Swali hilo halitoshi. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi.

(a) Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, kila mwezi ni shilingi 60,000. Kwa miezi 6 riba ni 360,000, nawe utarejesha 960,000.

(b) Kama riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, nawe unapunguza 100,000 kila mwezi, riba itakuwa 60,000, kisha 50,000, 40,000, 30,000, 20,000 na 10,000. Jumla ni 210,000, nawe utarejesha 810,000.

Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 150,000. Basi kabla ya kutia sahihi muulize mkopeshaji: riba yahesabiwa juu ya nini, na jumla ya yote nitakayolipa ni kiasi gani?

Tuchukue mfano wa pili. Mtu amekopa 300,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, naye hulipa riba peke yake. Kila mwezi anatoa 60,000. Baada ya miezi 10 ametoa 600,000, yaani mara mbili ya alichokopa, na bado anadaiwa 300,000 zilezile. Hivyo ndivyo tulivyofanywa sisi pale dirishani, nasi tulikuwa walimu wa hisabati.

5. Kisichopaswa kupunguzwa

Tulipoanza kulipa tulikuwa wakali mno. Tuliuza redio kaseti, na hilo halikumdhuru mtu. Tuliacha kushona nguo mpya za sikukuu. Lakini tuliacha pia kununua maziwa, na uji wa mtoto wa mwisho ukawa wa unga na maji tu. Tuliona fahari kwamba deni linashuka. Miezi mitatu baadaye tulikwenda kliniki. Muuguzi alimpima mtoto, akaweka nukta yake katika kadi, akatugeuzia tuone. Mstari wa uzito nao ulikuwa unashuka. Alituuliza kama tumefiwa au tumefukuzwa kazi. Tulirudi nyumbani kimya.

Siku hiyo tulibadili daftari letu. Juu ya orodha ya madeni tuliandika mambo ambayo hayataguswa: chakula cha watoto, dawa, daftari na sare za shule, na sadaka yetu ndogo. Tulirudi kwa chama kuomba muda zaidi. Ndiyo maana tulichukua miaka mitano badala ya mitatu, wala hatujuti. Mdai anaweza kuongezewa mwezi, lakini mtoto wa mwaka mmoja hana mwaka mwingine wa kuwa na mwaka mmoja.

Fedha zaidi zilitoka wapi? Tulikuwa na michungwa 40. Kwa sababu ya haraka ya fedha tulikuwa tumezoea kuyauza machungwa yakiwa bado machanga mtini, kwa bei aliyotaka mnunuzi. Hilo nalo lilikuwa deni, ila halikuitwa hivyo. Mwaka wa pili tulijizuia, tukangoja yaive, tukauza wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa chupa yetu ya mafuta. Watoto wakubwa walitusaidia kuchuma na kuhesabu, nao walijua kila mia ya machungwa inapunguza deni gani. Mtoto wa kwanza ndiye aliyekata kwa kalamu jina la mwenye duka katika daftari, siku tulipommaliza.

6. Deni la siku hizi

Vijana wetu hawangojewi tena dirishani. Wakopeshaji wamo ndani ya simu, na wengine huja nyumbani na kuwakopesha akina mama kwa marejesho ya kila siku au kila wiki, mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tunajua nyumba ambamo mume hajui mkopo wa mkewe, wala mke hajui mkopo wa mumewe, kama tulivyokuwa sisi. Basi twatoa ushauri huu:

(a) Usimwachie mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Utaratibu wa utumishi unataka makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, lakini theluthi hiyo haina ulinzi ikiwa kadi iko mfukoni mwa mwingine.

(b) Uliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka wakopeshaji wawe na leseni na vikundi viandikishwe.

(c) Usikope kwa ajili ya sherehe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

(d) Usimdhamini mtu kwa siri. Sahihi yako ni deni la watoto wako pia, asipolipa.

Nao wasomaji wanaokopesha wenzao wasome Nehemia sura ya 5. Waliowakandamiza ndugu zao kwa rehani walitakiwa kurudisha mashamba na nyumba. Nao walikuwa watu wa sala kama sisi.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika habari ya mjane, ni nani waliokuwa hatarini kwa sababu ya deni, nao walifanya kazi gani?
2. Nyumbani kwetu, ni deni gani linalokua, na ni lipi limesimama?
3. Ni kitu gani tumekipunguza ambacho hatukupaswa kukipunguza?
4. Mtoto wa miaka 9 aambiwe nini juu ya deni, na asiambiwe nini?
5. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwenzetu anayedaiwa, bila kumwaibisha?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya Jumapili ijayo, watoto wakisha kulala, mume na mke waketi na karatasi moja. Kila mmoja aandike madeni anayoyajua, na yale ambayo mwenzake hayajui. Asiwepo wa kumkatiza mwenzake mpaka amalize kuandika. Anayelea watoto peke yake naye atafute mtu mmoja wa kuaminika, dada au mzee wa kanisa, asipige hesabu hiyo peke yake. Daftari letu la mwaka 1992 bado tunalo sandukuni, na mwenye kutaka kuona jinsi tulivyopiga mistari, aje nyumbani.