Kufundisha Utafutaji wa Kasoro kwa Utaratibu: Mfano wa Kompyuta Isiyoonyesha Kitu Kiooni

Utangulizi

Katika masomo ya sayansi na stadi za kazi, aghalabu tunamfundisha mtoto jinsi chombo kinavyofanya kazi. Ni mara chache tunamfundisha la kufanya chombo hicho kinapogoma. Hata hivyo, maishani mwake atakutana na tochi isiyowaka, redio iliyo bubu na pampu isiyotoa maji, na siku hiyo hatakuwa na mwalimu pembeni.

Katika makala haya tumechagua mfano wa kompyuta ya nyumbani iliyowashwa, lakini kioo chake kimebaki cheusi. Sababu za hali hiyo ni nyingi, kuanzia jambo dogo kama waya uliolegea hadi jambo kubwa kama kuungua kwa ubao mkuu, na zote hutoa sura ile ile ya weusi. Mtu asiye na utaratibu huamua mara moja kwamba chombo chote kimekufa. Uamuzi huo una gharama: kompyuta pekee ya shule yaweza kufungiwa stoo mwaka mzima, na watoto wakakosa kuitumia, kwa sababu ya kasoro ambayo ingeondolewa kwa dakika 5 bila kutumia hata senti moja.

Madhumuni ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza njia inayopitwa na umeme na picha hadi kufika kiooni;
(b) kupanga majaribio kuanzia la nje na rahisi hadi la ndani na gumu;
(c) kueleza kila jaribio limeondoa shaka gani;
(d) kutaja mahali ambapo mtoto hana budi kusimama na kumwita mtu mzima.

Mambo ambayo mwalimu ayajue kwanza

Kompyuta ya mezani tuifikirie kama mnyororo. Umeme wa volti 230 hutoka ukutani na kuingia katika kisanduku cha kompyuta. Humo, kigeuza umeme huupunguza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Ubao mkuu ukishapata umeme huo hujikagua wenyewe: hutazama kumbukumbu, sehemu ya picha na vinginevyo. Kisha sehemu ya picha hupeleka ishara kwa waya hadi kwenye kioo, nacho kioo kina umeme wake wa pekee. Pete moja ya mnyororo huu ikikatika, kioo hakionyeshi kitu.

Yafaa pia kujua kwamba watengenezaji waliliona tatizo hili mapema. Kompyuta ndogo ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa tayari na ukaguzi huo wa mwanzo, na mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba mambo ni salama. Sauti ilitumika kwa sababu kioo kilichozimika hakiwezi kutoa habari za kuzimika kwake. Hadi leo kompyuta nyingi hutoa milio au kumulika taa ndogo zinapopata kasoro. Maana ya milio hiyo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kwa hiyo mwalimu atazame kitabu cha maelezo cha kompyuta husika.

Hadhari

Jambo hili litangulie kabla ya jaribio lolote. Mtoto asifungue kisanduku cha kompyuta wala kioo. Kigeuza umeme huhifadhi umeme wenye nguvu kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa, na vioo vya zamani vyenye kisogo kirefu huweza kuhifadhi maelfu ya volti. Mikono iwe mikavu. Pakiwa na harufu ya kuungua, moshi au waya uliochunika, swichi ya ukutani izimwe na somo lisimame hapo. Mwalimu aandike hadhari hizi ubaoni, na ziachwe hadi mwisho wa somo.

Hatua za somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Mwalimu achore ubaoni jedwali lenye safu nne: Jaribio, Tunachotazamia, Tulichokiona, Tulichokiondoa. Safu ya pili ijazwe kabla ya jaribio kufanywa. Mtoto aliyekwisha kusema anachotazamia hutazama kwa makini zaidi kuliko yule anayesubiri kuonyeshwa.

Hatua ya kwanza: Je, umeme unafika? Wanafunzi wasiguse kompyuta kwanza. Wachomeke taa ya meza katika soketi ile ile. Taa ikiwaka, soketi imeondolewa katika shaka. Kisha watazame swichi iliyo nyuma ya kisanduku, na kama waya umeingia barabara. Wasikilize feni na kutazama taa ya kisanduku.

Hatua ya pili: Je, kioo chenyewe ni kizima? Kompyuta izimwe, kisha mwalimu achomoe waya wa picha kutoka kwenye kisanduku na kuwasha kioo peke yake. Kioo kizima aghalabu huonyesha ujumbe kwamba hakuna ishara inayoingia. Hapana budi kutazama mara tu kinapowashwa, maana baada ya muda mfupi hulala. Jaribio hili lina thamani kubwa kwa sababu hugawa mnyororo sehemu mbili. Ujumbe ukionekana, kioo na umeme wake vimeondolewa, na shaka yabaki kwenye waya na kisanduku. Usipoonekana, tazameni waya wa umeme wa kioo, kitufe chake na kiwango cha mwanga, ambacho huenda kimeshushwa kabisa.

Hatua ya tatu: Je, njia ya picha ni sahihi? Vioo vingi vina matundu zaidi ya moja, kama vile VGA na HDMI, na kioo huweza kuwa kinasubiri ishara katika tundu lisilo na waya. Kwenye kisanduku nako, kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu mahali pawili. Waya ukichomekwa katika tundu la ubao mkuu badala ya lile la kadi, mara nyingi kioo hubaki cheusi. Kama kuna waya mwingine unaojulikana kuwa mzima, ubadilishwe.

Hatua ya nne: Je, kompyuta inafanya kazi gizani? Mwanafunzi abonyeze kitufe cha herufi kubwa, kilichoandikwa Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila anapobonyeza, kompyuta i hai, na kasoro imo katika njia ya picha. Kwa kompyuta ya mapajani, mwalimu amulike kioo kwa tochi kwa mshazari. Picha hafifu ikionekana, kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo.

Hatua ya tano: Kazi ya mtu mzima. Majaribio yote yakishindikana, fundi au mwalimu mwenye ujuzi azime, achomoe plagi, afungue kisanduku, na kuchomoa kisha kurudisha kipande cha kumbukumbu, ambacho huweza kulegea au kushika vumbi. Hapa wanafunzi hutazama kwa mbali na kuandika.

Shule isiyo na kompyuta

Mwalimu asiache somo kwa kukosa kompyuta. Tochi ya mawe mawili yatosha. Aandae tochi nne: ya kwanza jiwe moja limegeuzwa, ya pili kipande cha karatasi kimewekwa kati ya mawe, ya tatu balbu imeungua, ya nne mawe yamekwisha. Zote zina dalili moja, yaani giza. Kila kikundi kipewe moja, pamoja na balbu moja nzima na mawe mawili mapya ya majaribio. Mawe mapya yakiwekwa na tochi ikawaka, mwalimu aulize: je, tuna hakika kwamba mawe ya zamani yamekwisha? Hasha, kwa kuwa katika kuyatoa huenda tumeiondoa karatasi bila kujua, au tumeyarudisha sawa yaliyokuwa yamegeuzwa. Mawe ya zamani yarudishwe yakielekea upande ulio sawa, na tochi ijaribiwe tena. Hapo ndipo mtoto atakapoonja maana ya ushahidi.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kioo kikiwaka hatutajua kilichokiponya, na kasoro ikirudi tutaanza upya. Kosa la pili ni mwalimu kutoa jibu darasa linapokaa kimya. Ukimya wa dakika mbili mbele ya kioo cheusi si hasara. Mara nyingi huo ndio wakati mtoto anapofikiri.

Kosa la tatu ni kumsifu aliyebahatisha. Mwanafunzi akisema, "Ni waya," na ikawa kweli ni waya, aulizwe amejuaje. Kinyume chake, aliyefanya majaribio matatu kwa mpango bila kuipata kasoro ameondoa mambo matatu katika shaka, naye astahili alama. Mwenda pole hajikwai.

Tathmini

Mwalimu asipime kama kompyuta imewaka. Huenda ubao mkuu umeungua, na darasa lote likawa limefanya kazi njema mbele ya chombo kisichopona. Apime jedwali: je, kila mstari umeondoa jambo? Je, mpangilio umetoka nje kuelekea ndani? Je, mwanafunzi alijua pa kusimama? Jedwali lililojazwa vema lina faida nyingine pia: likipelekwa kwa fundi pamoja na kompyuta, humwokolea muda, na huilinda shule isiuziwe kioo kipya wakati kilichokatika ni waya.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Taa ya kisanduku inawaka, feni inazunguka, na kioo kinasema hakuna ishara. Taja mambo mawili yaliyoondolewa katika shaka na mawili yaliyobaki.
2. Eleza kwa nini jaribio la kuwasha kioo peke yake hutangulia kufungua kisanduku. Toa sababu ya usalama na sababu ya kimantiki.
3. Andika andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Sita ukitumia baiskeli ambayo taa yake ya dainamo haiwaki. Onyesha wazi maswali utakayouliza na mahali utakaponyamaza.