Nguvu za Mvutano Baina ya Molekuli na Sifa za Dutu

Mtahiniwa, soma swali hili kwanza: *Uzito wa molekuli ya ethanoli ni 46 na wa propani ni 44. Mbona ethanoli huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, ilhali propani huchemka kwa nyuzi -42?*

Wanaosahihisha hukutana na jibu hili mara nyingi: "Kwa sababu bondi za kovalenti katika ethanoli ni imara zaidi." Jibu hilo halipati alama. Tazama sababu yake.

Nguvu mbili usizozichanganya

Ndani ya molekuli, atomu hushikwa na bondi za kovalenti. Baina ya molekuli moja na jirani yake kuna mvutano mwingine, dhaifu zaidi. Maji yakichemka kwenye sufuria, mvuke unaotoka bado ni maji: kila molekuli ingali na atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Bondi za ndani hazikukatika. Kilichoshindwa ni mvutano wa jirani na jirani. Kwa hivyo ukiulizwa kuhusu kuchemka au kuyeyuka kwa dutu ya molekuli, zungumzia mvutano huu.

Aina za mvutano

(a) *Nguvu za Van der Waals.* Zipo baina ya molekuli zote. Huongezeka kadiri molekuli inavyokuwa kubwa. Ndiyo maana propani huchemka kwa nyuzi -42, butani karibu nyuzi 0, nayo nta ya mshumaa, yenye minyororo mirefu ya kaboni, ni yabisi mezani pako. Propani na butani ndizo gesi ya kupikia. Ndani ya mtungi hushinikizwa, molekuli zikakaribiana, zikawa kioevu.

(b) *Bondi za haidrojeni.* Hutokea pale haidrojeni inapoungana na oksijeni, nitrojeni au florini. Huwa na nguvu kuliko Van der Waals kwa molekuli za ukubwa unaokaribiana. Maji (18) huchemka kwa nyuzi 100, ilhali salfidi ya haidrojeni (34), iliyo nzito zaidi, huchemka karibu na nyuzi -60. Bondi hizi pia huzipanga molekuli za barafu kwa nafasi, hivyo barafu huelea juu ya maji.

Tahadhari mbili

Kwanza, chumvi ya meza haina molekuli. Ni ioni zilizoshikana kwa bondi za ioni, nayo huyeyuka kwa nyuzi 801. Usiiandikie Van der Waals.

Pili, hapa Machakos, takriban mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na muthokoi huchelewa kuiva kuliko ukipikwa Mombasa. Je, bondi za haidrojeni zimedhoofika? La. Kanieneo ya hewa ndiyo imepungua, kwa hivyo mvuke hauhitaji joto jingi kuishinda. Mvutano ni sifa ya dutu, haubadiliki kwa kupanda mlima.

Namna ya kujibu

Fuata hatua tatu: taja nguvu iliyopo katika dutu ya kwanza; taja iliyopo katika ya pili; linganisha, kisha umalizie kwa nishati inayohitajika. Kwa swali letu:

*Baina ya molekuli za ethanoli kuna bondi za haidrojeni pamoja na nguvu za Van der Waals. Baina ya molekuli za propani kuna nguvu za Van der Waals pekee. Bondi za haidrojeni ni imara zaidi, hivyo ethanoli huhitaji nishati nyingi kuzitenganisha molekuli zake.*

Aliyeeleza ethanoli peke yake ameacha nusu ya jibu. Karatasi ya Kemia utaijibu kwa Kiingereza, lakini hatua ni hizi hizi.

Zoezi

1. Ethanoli huchanganyika na maji, mafuta ya taa hayachanganyiki. Eleza. (alama 3)
2. Mbona maji ya mtungi wa udongo hupoa wakati mengine yanapovukizwa kupitia kuta zake? (alama 2)
3. Mwanafunzi asema maji yanapochemka hugeuka haidrojeni na oksijeni. Mrekebishe. (alama 2)

Jibu kwanza bila kurudi juu. Kisha hakiki kama kila jibu lako limetaja nguvu husika.